Ubeti wa Tatu wa Karna na Aksel

Bodil Toftegaard alikuwa na violezo kumi na vinne vya nyimbo za sherehe ndani ya kompyuta yake, na alivijua kama mtu anavyojua watoto wa dada yake: yupi mtulivu, yupi msumbufu, yupi ukimgusa kidogo tu anaharibika. Kulikuwa na cha ubatizo, cha kipaimara, cha harusi ya shaba, yaani miaka kumi na miwili na nusu ya ndoa, cha fedha, cha dhahabu, na cha mtu kutimiza miaka hamsini ya kuzaliwa. Kulikuwa na kimoja cha kustaafu ambacho alikitumia mara moja tu, siku aliyostaafu yeye mwenyewe pale kiwanda cha maziwa, kwa kuwa aliona hakuna mwingine ambaye angeupanga ule wimbo ukapangika. Alijiandikia sifa zake mwenyewe, akazichapa, akazifunga utepe, akawagawia wafanyakazi wenzake na majirani, nao wakamwimbia. Ndivyo alivyokuwa Bodil. Ukimcheka, sawa, lakini karatasi zake zilikuwa zimenyooka.

Hapa kwetu Tversig sherehe bila wimbo wa karatasi si sherehe, ni watu kula tu. Ndugu wanatunga maneno ya kumsifu na kumtania mwenye shughuli, yanawekwa kwenye sauti ya wimbo ambao kila mtu anaujua tangu shuleni, yanachapwa, na kila mgeni anakuta karatasi yake imeviringishwa juu ya sahani na utepe mwekundu. Na karatasi ikishafunguliwa inaimbwa yote, kuanzia juu hadi chini. Hata maneno yawe ya ovyo namna gani, hata supu ipoe, hakuna anayenyamaza njiani. Hiyo ndiyo heshima.

Kama unadhani natia chumvi, muulize kijana wa Henning fundi bomba. Mwaka wa kipaimara chake baba mtu alijifanya mjuaji. Akamwambia Bodil, "We nipe hicho kiolezo chako, nitajaza mwenyewe, kazi gani hiyo?" Kweli ilikuwa kazi ndogo. Kiolezo cha Bodil kinakuja na mapambo yake, bendera mbili pembeni, herufi za kichwa zimepinda kama upinde, beti sita kwenye safu mbili, na kila panapotakiwa jina pameandikwa kwa rangi ya kijivu *Weka jina hapa*. Henning akajaza juu, akajaza ubeti wa kwanza, simu ikalia, akasahau mengine. Jumapili ile watu tisini wazima, mchungaji akiwa mmoja wao, waliimba kwa sauti ya kutetemesha vioo, "Hongera ewe Weka Jina Hapa, umekuwa mtu mzima!" Hakuna aliyesita. Yule kijana sasa ana mke na nyumba, na mpaka leo tunamwita Weka Jina.

Baada ya siku ile Bodil hakumpa mtu kiolezo tena. Ukitaka wimbo, unakwenda kwake jikoni, unakaa, unahojiwa.

Mwezi wa nne akaja Karna Søndervang, jirani yake wa mwisho wa barabara, mke wa Aksel mfuga ng'ombe. Tarehe ishirini ya mwezi wa tano wangetimiza miaka hamsini ya ndoa. Bodil alikwisha kuweka kahawa mezani, na kompyuta ilikwisha kufunguliwa kwenye kiolezo cha dhahabu.

"Haya mwenzangu, ubeti wa kwanza," akasema Bodil, miwani ikiwa puani. "Mlikutana wapi?"

"Si unajua wewe."

"Najua, lakini nauliza. Utaratibu ni utaratibu."

"Kwenye dansi. Alinikanyaga."

"Mguu gani?"

"Bodil jamani!"

"Mguu wa kulia una vina vizuri zaidi. Tuseme wa kulia." Akachapa. Ubeti wa pili ni wa nyumba na shamba, huo akaujaza bila hata kuuliza: jengo la ng'ombe lililoungua, jengo jipya, majirani kumi na wawili na nyundo zao. Kisha akavuta kile kishale cha kompyuta hadi ubeti wa tatu, akautia kivuli wote kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufutia.

Hapa lazima niseme ubeti wa tatu ni wa nini. Kwenye violezo vyote vya ndoa vya Bodil, ubeti wa tatu ni wa watoto. *Watoto wakaja, nyumba ikajaa kelele, na hata leo kelele hazijaisha.*

"Usifute," akasema Karna.

Kidole cha Bodil kikabaki juu. Karna alikuwa ameshika mkoba wake mapajani muda wote, na sasa akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ya manjano kwenye mikunjo. Akaifungua, akailainisha kwa kiganja. Bodil akaitambua kabla hajaisoma: wimbo wa harusi yao ya fedha, miaka ishirini na mitano nyuma, kazi yake mwenyewe, mwaka ule kiwanda kiliponunua kompyuta ya kwanza yenye maandishi ya kijani. Ulikuwa wimbo wake wa pili kutoka kwenye kiolezo. Alikuwa na haki ya kujivuna, na akaanza kujivuna.

"Umeitunza! Tazama zile bendera, nilizichora kwa alama za nyota tupu, moja moja..."

"Soma namba za beti."

"Namba?"

"Soma kwa sauti."

Bodil akarekebisha miwani. "Moja. Mbili. Nne..." Akakoma. Akarudi juu, akasoma tena kimoyomoyo, kwa kidole. Moja, mbili, nne, tano, sita. Aliufuta ubeti wa tatu, namba zake hakuzigusa. Akasikia uso wote unawaka moto.

"Mimi? Mimi ndiye niliyechapa hivi?"

"Wewe."

"Na watu wote waliona?"

"Watu sitini na wawili. Waliimba ubeti wa pili, wakavuta pumzi, wakaanza wa nne."

"Miaka ishirini na mitano, Karna! Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningechapa upya! Zote! Ningewapitishia nyumba kwa nyumba!"

"Ndiyo maana sikukuambia," akasema Karna, akanywa kahawa yake.

Walikuwa na mtoto mmoja, Karna na Aksel, msichana, jina lake Sidsel. Alikuwa na miaka minne. Jumanne moja ya mwezi wa tatu alikuwa anarukaruka kwenye theluji inayoyeyuka, Jumanne hiyo hiyo jioni akaanza kutapika na kukaza shingo, na Ijumaa hayupo. Hawakupata mwingine. Kila mtu Tversig alijua, na kila mtu aliona ni huruma kutolitaja lile jina mbele yao. Bodil naye alipoufuta ubeti wa watoto alidhani anawasitiri.

"Nilikasirika sana siku ile," akasema Karna. "Tulipofika nyumbani nikataka kuichana. Halafu nikaangalia vizuri, nikasema, basi hapa ndipo alipo. Kati ya mbili na nne. Chumba chake Aksel alikifanya cha mbegu. Nguo nilizigawa. Mahali pengine pote tulikuwa tumeziba, Bodil. Ni hapa tu palipobaki wazi, na ni kwa bahati mbaya yako."

Bodil akakiondoa kile kivuli kwenye ubeti wa tatu.

"Sasa nataka ujaze. Nataka jina lake liimbwe, mara moja, na watu wote. Nikimwambia mtu mmoja mmoja, kila mmoja ataangalia dirishani. Lakini ikiwa kwenye karatasi wataimba."

"Na Aksel?"

"Aksel hajalitamka tangu maziko."

"Ndiyo maana nauliza."

"Fedha ilipita, dhahabu ndiyo hii. Mimi sina miaka mingine ishirini na mitano ya kumsubiri Aksel," akasema Karna. Akakunja karatasi yake, akairudisha mkobani.

Wiki mbili Bodil aliuzunguka ubeti ule. Yeye ambaye alizoea kumaliza wimbo kati ya chakula cha mchana na taarifa ya habari! Kiolezo hakikumsaidia hata chembe. Alipoweka jina la Sidsel mahali pa kijivu, ikatoka nyumba iliyojaa kelele ambazo hazijaisha hata leo, akaona aibu, akafuta. Alijaribu malaika, akafuta, kwa sababu Karna hakuwahi kuwa mtu wa malaika. Alijaribu maua. Alikumbuka kumwona yule mtoto mara nyingi lakini asikumbuke hata neno moja alilosema, na hilo lilimuuma kuliko yale makosa ya namba. Mwishowe akapata mistari minne ya kawaida, yenye vina, yenye jina, na akaiacha hapo akiwa hana raha nayo.

Alhamisi, siku mbili kabla ya shughuli, majirani walikuwa kwenye nyumba ya Karna na Aksel wakifunga matawi ya misonobari kuzunguka mlango, lile lango la heshima ambalo mwenye harusi ya dhahabu lazima apitie. Aksel mwenyewe alitakiwa ajifanye haoni. Kwa hiyo akatoka, akaja kwa Bodil na mfuko wa viazi vipya, akasimama mlangoni bila kuvua buti.

"Karna kaniambia," akasema.

"Ingia basi, upepo huo."

"Sikai. Utoe huo ubeti."

"Aksel, mwenye kuomba ni mkeo..."

"Najua ni nani. Unanijua mimi, Bodil. Nikipewa karatasi naimba. Nimeimba upuuzi wako wote, wa kipaimara, wa shaba, hata ule wako wa kustaafu nimeuimba, na ulikuwa na beti tisa."

"Nane."

"Nane. Lakini huo siimbi. Nikiuona nitasimama nitoke nje. Nitamwacha Karna amekaa peke yake mbele ya watu wote, na kile kiti kitupu pembeni yake. Sitaki kufanya hivyo. Lakini najijua, nitafanya." Akaugeuza uso kuelekea barabarani. "Siwezi. Si kwamba sitaki. Siwezi."

Akaweka viazi kizingitini, akaondoka.

Bodil akarudi kukaa mbele ya kompyuta. Akiacha jina, Aksel anatoka, na Karna atakuwa amepewa alichoomba na kuaibishwa papo hapo. Akitoa ubeti na kupanga namba vizuri, moja hadi tano, kazi safi isiyo na doa, atakuwa amemziba Karna hata kile kipenyo chake cha mwisho. Alikaa pale hadi viazi alivyokuwa ameviweka jikoni vikaiva na kupondeka. Kisha akafanya jambo ambalo tangu aanze kazi alikuwa hajawahi kulifanya. Akafuta maneno yote ya mistari minne ya ubeti wa tatu. Namba akaiacha. Na nafasi ya mistari minne akaiacha vilevile, tupu, nyeupe.

Alipochapa karatasi ya kwanza na kuitazama, roho ilimuuma. Ilionekana kama kosa. Ilionekana kama kazi ya Henning. Nusu ya wageni walikuwa vijana na watu wa kuhamia, wasingejua lolote. Wangesema Bodil kazeeka, sasa anasahau hata kujaza. Akaishika karatasi ile kwa muda mrefu. Kisha akachapa nyingine themanini na nne, akazifunga utepe.

Jumamosi, kwenye ukumbi wa kijiji, alimvuta pembeni Verner, mpiga kinanda.

"Ubeti wa tatu unaupiga kama kawaida. Wote. Usisimame, usiruke."

Verner akaangalia karatasi. "Huu hauna maneno."

"Nimeona hauna maneno, nimeuchapa mimi. Piga."

Wakala nyama ya nguruwe ya kuokwa na mchuzi wa kahawia, wakagonga sahani kwa vijiko hadi maharusi wakabusiana, wakakanyaga sakafu hadi maharusi wakaingia chini ya meza kubusiana tena, kama ilivyo desturi, Aksel akilalamika magoti. Kisha mtoto wa kaka yake Karna akasimama, akasema kuna wimbo. Tepe zikafunguliwa, karatasi zikachakarika. Bodil, mezani kwake karibu na jiko, hakufungua ya kwake. Alimwangalia Aksel.

Ubeti wa kwanza watu walicheka, mguu wa kulia ukapigiwa makofi. Wa pili waliuimba kwa nguvu, maana wengi wao walikuwapo siku ile na nyundo zao. Verner akapiga kile kipande kifupi cha kuunganisha beti, akaingia wa tatu.

Sauti themanini zikaanza kuvuta pumzi, zikakuta hakuna kitu.

"Bodil kakosea," akanong'ona Jytte wa duka la mikate, na akasikika ukumbi mzima.

Kinanda kikaendelea peke yake. Watu wazima walikuwa wameelewa. Ungewaona mmoja baada ya mwingine wakishusha karatasi. Vijana wakawatazama wazee, wakanyamaza nao. Mstari wa kwanza ukapita hivyo. Karna alikuwa ameweka kiganja juu ya ile nafasi nyeupe, na hakumtazama mtu. Mstari wa pili ukapita. Aksel ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na Bodil akajisemea, haya, sasa anatoka, nimewaua wote wawili.

Mstari wa tatu, Aksel akafungua mdomo. Hakuwa na maneno, angeyatoa wapi? Alikuwa nalo moja. Akaliimba, kwa sauti yake mbovu ya kuitia ng'ombe. "Sidsel," akaimba, na kinanda kikisonga, "Sidsel, Sidsel," akilikokota jina lile mstari mzima na kuingia nalo wa nne, na Karna akashika mkono wake, akaimba pamoja naye hadi mwisho. Kisha Verner akaingia ubeti wa nne, ambao ulikuwa wa trekta. Na sisi tukauimba, pua zikitiririka, kwa kuwa karatasi ilisema trekta.

Kila baada ya shughuli Bodil hupita mezani kuokota karatasi, zimelowa mchuzi, zimechorwa na watoto. Siku ile hakuokota hata moja. Watu walikuwa wameondoka nazo.

Jumatatu asubuhi Aksel akaja tena. Safari hii alivua buti. Akakaa, akatoa karatasi yake ya wimbo mfukoni, akaisukuma juu ya meza. Kwenye ile nafasi nyeupe palikuwa na mistari minne, kwa penseli nene ya kupimia mbao.

*Sidsel alikuwa na buti nyekundu.*
*Alitaka nimpeleke kumwona ndama aliyezaliwa usiku.*
*Nilimwambia kesho, leo nina kazi.*
*Ndama alikuwa na baka jeupe usoni.*

Bodil akaisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa miwani iliyolowa.

"Haina vina," akasema Aksel.

"Haina."

"Na mstari wa pili ni mrefu mno, hauingii kwenye sauti. Nimejaribu zizini."

"Hauingii, ndiyo."

"Utaurekebisha?"

Huyu ni Bodil, ambaye aliwahi kumrekebishia mchungaji hotuba yake ya Krismasi na kumrudishia ikiwa na wino mwekundu.

"Sigusi hata nukta," akasema.

Aksel akatikisa kichwa polepole, akakubali. "Weka basi kwenye hiyo mashine yako. Harusi ya almasi ni miaka kumi tu ijayo. Nitakuwa na themanini na sita. Nitafanya mazoezi ya huo mstari mrefu."

Alipokwisha kuondoka, Bodil akafungua faili, akachapa ile mistari minne kama ilivyo. Wa pili ulitoka nje ya safu yake, ukaharibu ukingo wote wa kulia, akauacha. Juu, kwenye jina la faili, akaandika *Karna na Aksel, almasi*. Kisha, kabla ya kuhifadhi, akapitisha kidole kwenye kioo na kusoma namba za beti kwa sauti, peke yake jikoni: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.